Neno Gona Kwenye Kaseti ya Mzungu wa Maji

Mume wangu alinidanganya kwa wimbo mmoja, na uongo huo nikauishi miaka arobaini. Nalisema hili mapema ili asiyependa maneno ya mwanamke mwenye hasira aishie hapa, akatafute mengine ya kusoma.

Kaseti ilitoka kwa mzungu wa maji. Alikuja Matema kutandaza mabomba, na mume wangu akawa mtu wake wa karibu: kumbebea vifaa, kumwonyesha njia, kumweleza watu wanasema nini. Mume wangu alifika kidato cha pili, Kiingereza alikuwa nacho. Mimi niliishia darasa la nne, nikatolewa shule kwenda kulea wadogo zangu. Mzungu alipomaliza kazi akagawa vitu ambavyo hakutaka kupanda navyo ndege. Mpishi akapata sufuria. Fundi akapata koti la mvua. Mume wangu akarudi kwetu Ndandalo na redio ya kaseti, na ndani yake kaseti moja tu. Karatasi yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, picha imefifia: miguu ya watu wanaoruka, viatu vizito, na hakuna hata kichwa kimoja.

Siku alipoiwasha mara ya kwanza, kuku walikimbilia migombani. Mimi nilidhani redio imeharibika. Ngoma ilikwenda kama mvua yetu ya mwezi wa nne inavyopiga bati, magitaa yanakwaruza kama mtu anaburuta jembe juu ya mawe, na katikati yake mwanamume anapiga kelele kama kaona nyoka kitandani kwake. Wimbo ulianza, nikageuka kuchochea moto, nikageuka tena, umeisha. Ukaanza mwingine. Nyimbo kumi na nne zilikwisha maharage yangu hayajaiva.

Mjukuu wangu anasema muziki huo unaitwa panki, jina lilelile la mtindo wa nywele waliokuwa wakinyoa vijana, na kwamba huu wa kwangu ni panki ngumu, iliyokaza kuliko nyingine. Mimi sikuhitaji jina. Nilikuwa naujua. Aliyewahi kuona wanaume wetu wa zamani wakicheza msibani, wanavyokanyaga ardhi kama wanataka kuichana, wanavyopiga kelele usoni mwa kifo chenyewe, hawezi kusema ule muziki ni wa kigeni. Kigeni ilikuwa lugha tu.

Hata baba mkwe ulimfaa. Kwa desturi yetu ya wakati ule, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mmoja akimsikia mwenzake anakwepa njia. Kabla ya kaseti, mzee alikuwa anakohoa tangu mbali, na mimi nakimbia na ndoo kichwani, maji yote mgongoni. Baada ya kaseti alikuwa anasikia kelele tangu barabarani, anajua nipo uani, anapita nyuma. Alimwambia mume wangu, "Hicho kichaa chako kimetusaidia."

Sasa neno lenyewe. Kulikuwa na wimbo wa tatu upande wa kwanza. Mule ndani yule mwanamume alikuwa anarudia: gona go, gona go, gona go. Kwa Kinyakyusa gona ni lala. Salamu yetu ya ugonile inatoka humohumo, ni kumuuliza mtu amelalaje. Kwa hiyo mimi nilisikia mzungu anamwamuru mtu alale.

"Huyu anamwambia nani alale?" nikamuuliza mume wangu.

"Nani kalala?"

"Huyo hapo. Gona, gona. Nani atapata usingizi kwa makelele hayo?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akaniangalia. Nakumbuka vizuri jinsi alivyoniangalia, maana nilidhani anatafuta maneno mazuri ya kunifundishia.

"Ni gona hiyohiyo," akasema. "Wamisionari walikaa huku miaka mingapi? Unadhani walirudi kwao mikono mitupu?"

"Wakachukua na neno letu?"

"Wakalichukua. Huyu anasema, hapa nilipolala ndipo kwangu. Njooni na fimbo, njooni na moto, hapa sitoki."

"Basi huyu ana akili," nikasema, nikaendelea kupeta mchele.

Tangu siku hiyo ule wimbo ukawa wetu. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, jioni zinakubali kidogo. Mume wangu akitoka shambani ananawa, anawasha, anakuja kucheza mbele yangu jikoni, kidole kimeninyooshea: gona go, gona go. Na mimi namjibu, mwiko mkononi: gona. Watoto wanarukaruka pembeni na matumbo wazi. Majirani walisema nyumba ile ina wendawazimu wawili. Mimi nilisikia mume wangu ananiapia kila jioni kwamba hapa hatoki. Wanawake wenzangu walikuwa wakiapiwa mara moja tu, kanisani, basi. Mimi nilikuwa naapiwa kila siku, kwa ngoma.

Akaondoka mtoto wetu wa tatu akiwa anatambaa. Alisema anavuka mto Songwe kwenda upande wa Malawi kutafuta sukari, maana mwaka ule huku sukari ilikuwa imeadimika. Alivaa shati jeupe. Nikamwambia shati jeupe la kubebea sukari litachafuka, akasema litafuliwa.

Nilimbakizia chakula tangu kupanda mpunga mpaka kuvuna. Kila jioni sahani yake naifunika kwa sahani nyingine, asubuhi nawapa watoto. Kisha mama mmoja muuza vyungu wa Lyulilo, ambaye huwa anapita na mitumbwi mpaka upande wa pili wa ziwa, akaniambia amemwona Karonga. Kanenepa. Kabeba mtoto mgongoni sokoni, kwa kanga, kama mwanamke. Nilimuuliza huyo mama kama ana hakika. Akasema, "Dada, mume wako simjui? Hata kwa kiatu chake namjua."

Na mimi, mwanamke niliyejiona mjanja, nilisema nini? Nilisema amechukuliwa. Mtu aliyeimba sitoki hawezi kutoka kwa miguu yake. Nililaumu huyo mwanamke wa Karonga. Nililaumu dawa. Nililaumu hata maji ya ng'ambo. Yeye sikumlaumu, kwa sababu nilikuwa na ushahidi, na ushahidi ulikuwa unazunguka ndani ya redio.

Baada ya mwaka wakaja shemeji zangu watatu, kaka zake. Walikaa kwenye benchi langu, wakanywa maji yangu, kisha mkubwa wao akasema, "Shemeji, mwenye nyumba hayupo. Shamba hili la kakao ni la ukoo. Wewe bado kijana, rudi kwenu, watoto tutawatunza."

Niliingia ndani nikatoa redio, nikaiweka kizingitini, nikafungulia mpaka mwisho. Wimbo wa tatu. Nikasimama mlangoni mikono kiunoni, na ulipofika pale nikapiga kelele na yule mzungu. Nikawaambia, "Mnasikia? Hapa nilipolala ndipo kwangu. Njooni na fimbo, njooni na moto. Hapa sitoki."

Mdogo wao akamnong'oneza mwenzake, "Huyu kapandwa na pepo."

"Nimepandwa," nikasema. "Na aliyenipanda kalipanda na shamba. Mkitaka mjue jina lake rudini kesho."

Hawakurudi. Miti ile ya kakao ndiyo imesomesha watoto wangu, na sasa inamsomesha mjukuu. Watoto wa kijiji wakawa wakiniona wanapiga kelele "gona" kisha wanakimbia. Nilikuwa napita nimeinua shingo. Nilijua mimi ni mwanamke wa maneno gani.

Redio ilikufa, kaseti utepe wake ukaliwa na mende, nikabaki na ile karatasi ya viatu nimeitia kwenye Biblia. Miaka ikaenda.

Mwaka huu wifi yangu, dada wa mume wangu, alitoka Mbugani mjini anakouza mchele, akaja na sukari na sabuni, nikajua ana jambo. Kaka yake amerudishwa. Yule mwanamke wa Karonga amefariki, watoto wa kule wamemwambia baba nenda kwenu. Miguu imevimba, macho hayaoni vizuri.

"Hana pa kwenda, wifi," akasema.

"Kwako hakuna mlango?"

"Kwangu ni chumba na duka. Na hata hivyo kwake ni hapa. Wifi, ninyi hamkuachana. Hakuna talaka."

"Hata kwaheri haikuwepo," nikasema.

Lakini nilikubali. Sikukubali kwa huruma, nisijisifie. Nilikubali kwa kiburi. Nilisema moyoni: unaona, alichukuliwa, sasa kaachiliwa, anarudi alikoapa kwamba hatoki. Nilikandika chumba cha nyuma kwa udongo mpya, nikapaka chokaa, nikashona neti palipotoboka. Wanangu wawili walinuna, hawakuja. Aliyenisaidia ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, ambaye yupo chuo Mbeya anasomea ualimu wa Kiingereza. Huyo nikimtaja shingo yangu inarefuka, mnivumilie.

Tukiwa tunageuza kakao kwenye mikeka, nikamwambia nataka siku babu yake akifika akute wimbo wetu. Nikampa ile karatasi. Akaipiga picha kwa simu, simu ikafikiri kidogo, ikamletea kaseti nzima. Sikuamini kitu kilichooza kwangu kikawa hai kwenye kioo. Akasoma kidogo, akasema, "Bibi, hawa watu ni maarufu. Wameandikwa nchi zote za huko. Wanasema bila hii kaseti wengine wengi wasingeimba."

"Hata mimi nisingesimama," nikasema. "Weka wa tatu."

Akaweka. Mikono yangu ilikuwa na ute wa kakao, nikaacha kila kitu. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni sauti. Miaka yote nilidhani yule ni mwanamume mzima, mtu wa ndevu, aliyekataa kuonewa. Kumbe ni mtoto. Sauti inakatika juu kama ya kijana aliyeanza juzi kubalehe. Mdogo kuliko mjukuu wangu. Ikafika pale: gona go, gona go. Nikaitikia. Mjukuu akacheka, akaniuliza mbona naitikia kwa Kinyakyusa.

"Si ndilo neno? Gona. Wamisionari walilichukua huku. Anasema hapa nilipolala sitoki."

Akaacha kucheka. Nimelea watu, najua mtu anapomeza neno.

"Sema," nikamwambia.

"Bibi, siyo gona yetu. Ni Kiingereza cha haraka haraka. Wanapotaka kusema nita, nitafanya, nitakula, wanasema hivyo. Na hiyo go ni kwenda."

"Kwa hiyo?"

"Nitakwenda. Anasema nitaondoka, nitaondoka, nitaondoka."

"Soma mengine."

"Bibi, ni kijana tu amegombana na kwao."

"Soma."

Maneno yalikuwa yameandikwa pale kwenye simu. Alinisomea taratibu, anageuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari, kama mwalimu. Kijana anasema amechoka na nyumba hii, amechoka na mji huu. Anasema siku moja mtaamka kitanda changu kitupu. Anasema msinibakizie chakula.

Hapo nilimwambia inatosha. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Si kwa sababu ya yule kijana. Yeye alisema kweli yake waziwazi, kwa nguvu zake zote, hakumdanganya mtu. Aliyejua maneno yote na kuyaimba mbele ya uso wangu alikuwa mume wangu. Kila jioni alinitangazia kwamba anaondoka, kidole kimeninyooshea, na mimi na mwiko wangu nikaitikia lala, lala. Alikuwa akicheka. Nilidhani tunacheka wote.

Mjukuu akauliza kama tumzuie asije.

"Aje," nikasema. "Chumba kipo. Akisema kweli atalala."

Hilo nililimaanisha. Niandike hivyo kwa sababu mjini wanasema nilimtegea mtego. Mtego hauna mlango wa kutokea. Mimi nilimwachia mlango.

Walifika Jumamosi kabla ya adhuhuri, yeye na wifi, kwenye bajaji. Mzee kweli. Miguu kama mihogo, shingo imeingia ndani. Aliponifikia akainama, akasema, "Mugonile." Hiyo ni salamu ya kumheshimu mtu, unamsemesha kama ni wengi. Siku zake zote hapa alikuwa ananisalimu kama mmoja. Nikamwitikia. Nikampa kiti chenye mgongo, nikampa chai na ndizi za kuchemsha, nikamwacha ale.

Mjukuu alimsalimia kwa magoti, kwa Kinyakyusa, na kanga yake ya shambani. Akamwona binti wa kijijini tu, asiyejua Kiingereza.

Aliposhiba nikamwambia mjukuu aweke. Mzee aliposikia ngoma ile vidole vikaanza kugonga goti. Uso ukafunguka, nikamwona yule wa zamani, na nasema bila aibu, moyo wangu uliruka.

"Unaukumbuka?" nikauliza.

"Nitausahauje?"

"Mjukuu wako hajawahi kukusikia ukiueleza. Mwambie anasema nini."

Alimgeukia binti. Hakusita hata kwa kumeza mate. "Anasema, hapa nilipolala ndipo kwangu," akasema. "Njooni na fimbo, njooni na moto. Hapa sitoki."

Wifi akanigonga gotini kwa furaha. "Unaona, wifi? Hajasahau."

"Naona," nikasema. "Mjukuu, msomee babu yako."

Akasoma. Kwanza kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilitoka safi kama maji ya Matema, mzee akaacha kugonga goti. Kisha kwa Kiswahili. Akafika kwenye msinibakizie chakula, akamaliza.

Wifi alitazama chini. Mzee akaweka kikombe chini, akasema, "Ulikuwa unafurahi. Ulisikia lala, ukafurahi. Ningekunyang'anyaje?"

"Wakati ule, sawa. Na leo?"

"Leo nilitaka ufurahi tena."

"Leo ulitaka kitanda," nikamwambia. "Ungesema, mke wangu, nilikudanganya, kitanda ungepata. Nimekipaka chokaa kwa mikono hii. Umalize chai, urudi na dada yako."

"Mgonjwa huyu, wifi," wifi akasema. "Kwa sababu ya wimbo?"

"Ugonjwa wake nauona. Na wewe ni ndugu yake, unauona. Mimi nimeona na kingine."

Bajaji ilikuwa bado barabarani, dereva ananunua ndizi kwa jirani. Wakapanda. Mzee alinisemesha kitu kutoka ndani, sikukisikia kwa sababu ya injini, na sikumwomba arudie.

Sasa wifi akiniona sokoni anageukia dagaa. Mzee wa kanisa alikuja, akanieleza kwamba Mungu hutumia hata uongo kumnyanyua mtu, na kwamba maneno yale yaliniokolea shamba. Nikamwambia hilo ndilo linalonichoma, mzee. Maneno yale hayakuwa ya yule kijana. Hayakuwa ya wamisionari. Hapa nilipolala ndipo kwangu, njooni na fimbo, njooni na moto: aliyeyatunga ni mume wangu, amesimama jikoni kwangu, anatafuta uongo wa haraka. Niliyasimamia miaka yote, nikawafukuza nayo kaka zake, na yalikuwa ni ya mtu aliyekuwa tayari anaangalia Songwe. Kitu kizuri kuliko vyote alivyonipa alikitoa kwa kunicheka. Nimshukuru? Mzee wa kanisa akaomba maji ya kunywa.

Juzi wifi alipiga simu. Sikutaka kupokea, mjukuu akapokea, akanipa. Haikuwa sauti ya wifi. Ilikuwa ya mume wangu, anapumua kama aliyepanda mlima.

"Anasema nitaondoka," akasema. "Ule wimbo. Anasema nitaondoka, msinisubiri."

"Nimeshasomewa," nikamwambia.

Alibaki kwenye simu. Nami nilibaki kidogo, maana kukata sikujua nikate kwa neno gani. Mwishowe nikampa mjukuu simu, akakibonyeza kile kitufe cha kukata. Kakao tuliyoivundika chini ya majani ya mgomba ilikuwa siku yake ya kugeuzwa, na mawingu yalikuwa yamekwisha kushuka milima ya Livingstone. Tukaenda kugeuza.